Jinsi ya kuweka wazi fedha za mradi wa sauti za wafungwa

Mkenya akisikia "Kamiti" na "tuma pesa" katika sentensi moja, anafuta ujumbe na kuzuia namba. Kwa miaka mingi tumepigiwa simu, nyingi zikidaiwa kutoka ndani ya gereza la Kamiti, na watu wanaojifanya wahudumu wa benki au wa kampuni ya simu, hadi jina la gereza hilo likawa, mtaani, jina jingine la utapeli. Kama ni haki kwa walio ndani ni swali tofauti. Sasa nyinyi ni kikundi cha watu kumi na wawili mnaokusanya barua na sauti za wafungwa na mahabusu wa magereza ya Kamiti, Lang'ata na Industrial Area, mnazitoa katika kijarida, kisha mnaomba michango. Mtashukiwa hata kabla ya kusalimiana.

Nimeandika haya kwa ajili ya mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo hapa Nairobi. Nina msimamo mmoja na nitaurudia: hesabu zisomwe kwanza na wafungwa wenyewe, maana ni maneno yao yaliyoleta pesa. Mfadhili, jirani na serikali wafuate. Mkiziandika hesabu ili zieleweke na mtu aliye seli asiyeweza kuwapigia simu kuuliza "hii ni nini?", hao wengine hawatawasumbua.

Nachukulia kwamba kibali cha Idara ya Magereza mnacho na kwamba kila mwandishi ametia sahihi ridhaa yake. Kama bado, acheni pesa kwanza mkamalize hayo.

Hatua ya 1: Pesa zisiingie kwa laini ya mtu

Sajilini kikundi. Njia nyepesi ni Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi. Mnaanzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Mkitaka kuwa shirika kubwa la manufaa ya umma, sheria yake ni ile ya 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024, na ina masharti mazito zaidi ya kutoa ripoti. Kikundi kidogo hakihitaji mzigo huo mwaka wa kwanza.

Cheti kikitoka, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na pesa zitoke kwa sahihi za wawili. Watatu hao wasiwe mume, mke na shemeji.

Mtaambiwa, "Kwa sasa tutume kwa namba ya Wanjiru, yeye ni mwaminifu." Uaminifu wa Wanjiru haumzuii Fuliza. Tangu 2019 huduma hiyo huwakopesha watu salio la M-Pesa, na deni hujilipa lenyewe pesa yoyote inapoingia. Mchango wa 2,000 ukiingia kwenye laini yenye Fuliza ya 1,400, M-Pesa haitauliza kama ni pesa ya stempu. Wanjiru ataamka na shilingi mia sita na maelezo marefu ya kutoa, naye hajaiba chochote. Changanya na hilo karo ya mtoto, mkopo wa chama na ada za kutoa pesa, na baada ya miezi mitatu hakuna mhasibu duniani atakayeitenganisha pesa ya mradi na ya nyumba yake.

Wachangiaji watume kwa Paybill ya benki, yaani namba yake ya kupokelea malipo ya M-Pesa, pamoja na namba ya akaunti yenu. Mkiwa na mifuko kadhaa, kwa mfano wa kijarida na wa nauli, Paybill yenu wenyewe ni bora, kwa sababu mchangiaji anaweza kuandika "KIJARIDA" pale panapotakiwa namba ya akaunti, nanyi mkajua nia yake bila kumpigia.

Hatua ya 2: Andikeni kinachonunuliwa na kisichonunuliwa kamwe

Karatasi moja inatosha. Upande mmoja orodhesheni mnachonunua: kalamu, karatasi, bahasha, stempu, nauli, skani na uchapaji wa saiba (duka la intaneti), muda wa maongezi, kunakili sauti kuwa maandishi, kupiga chapa kijarida. Upande wa pili andikeni mnachokataa.

Wa kwanza kwenye upande wa pili awe "chai". Anayetembelea magereza anajua ile sauti ya chini: jamani, hamjatukumbuka na soda? Afisa anaweza kuwa anatania, au ana njaa kweli, maana zamu ni ndefu na mshahara ni ule ule. Hata hivyo Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Tena hongo ikitolewa mara moja huwa ndiyo bei ya kuingia, na atakayeilipa ni mfungwa ambaye barua yake itakaa mezani siku mliyokuja mikono mitupu. Kataeni kwa heshima na mseme ukweli: "Mkubwa, kila shilingi yetu inasomwa ndani na nje, sina pa kuiandika hii." Ni jibu ambalo halimtukani mtu.

Kichaka cha chai katika hesabu za Kenya kinaitwa "mengineyo". Kifuteni. Matumizi yasiyo na jina yasiwepo, na kama ni lazima, kila kitu chini ya kichwa hicho kielezwe kwa sentensi nzima. Kikundi kinachoonyesha nauli hadi shilingi ya mwisho halafu kina "mengineyo 8,500" kimeshajieleza.

Hatua ya 3: Daftari

Msianze na programu ya kompyuta. Anzeni na daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba, ili ukurasa ukichanwa ujulikane. Safu ni sita: tarehe, maelezo, namba ya stakabadhi au ya muamala, pesa iliyoingia, iliyotoka, salio. Kila muamala wa M-Pesa una namba yake ya herufi na tarakimu kumi, inakiliwe yote. Mkikosea, pigeni mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, mwandike lililo sahihi pembeni na kuweka jina. Wino mweupe ukatazwe.

Ada za kutuma na kutoa ziandikwe mstari wake. Watu huzijumlisha kimyakimya ndani ya bei ya kitu, na mwisho wa mwaka wanashangaa kwamba bahasha za sh. 500 zimekuwa 529. Kwa mradi mdogo ada hizi ni pesa ya kweli na wachangiaji wana haki ya kuziona. Wengi wakiziona huanza kutuma pamoja na ya kutolea.

Nauli ndiyo itakayowasumbua. Matatu ya Kahawa West haitoi risiti, na mvua ikinyesha bei ya asubuhi si ya jioni. Tengenezeni vocha ndogo: jina la aliyesafiri, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, sababu, sahihi yake na sahihi ya mwingine aliyejua safari hiyo. Wekeni kiwango cha juu kwa kila gereza na mkirekebishe bei zikipanda. Mtu akipanda boda kwa kuwa alichelewa kuamka, hiyo ni yake. Akipanda boda kwa kuwa amebeba katoni mbili za vijarida, ni ya kikundi. Maduka ya vifaa vya ofisi nayo myaombe risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa kielektroniki wa kodi; mkaguzi ataishukuru, na KRA, mamlaka ya kodi, ikija haitabishana.

Kuna deni jingine lisiloonekana: pesa ya mwanzilishi. Karibu kila mradi wa kujitolea jijini hapa una mtu mmoja anayelipia bandosi za intaneti, wino wa printa na chakula cha mchana cha wenzake kutoka mfukoni, bila kusema. Anajiona mkarimu, na kweli ni mkarimu. Lakini hesabu zake ni za uongo, kwa sababu zinaonyesha mradi unaoendeshwa kwa 9,000 kwa mwezi ilhali unahitaji 15,000. Akihamia Mombasa au akipoteza kazi, mradi unakufa mwezi huo huo na hakuna anayejua sababu. Mwandikeni. Safu ya kuingia: "mchango, mwanachama". Safu ya kutoka: "wino wa printa". Salio halibadiliki, ila gharama halisi inaonekana.

Na kwa kuwa mmetangaza namba, mtapata ile simu: "Nimewatumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishieni." Angalieni salio, msiuamini ujumbe mfupi peke yake. Hata kama pesa imeingia kweli, msirudishe nyinyi kwa mkono. Kama aliituma kwa M-Pesa, mwambieni autume ujumbe wa muamala kwa 456, ombi lipitie kwa kampuni. Andikeni tukio daftarini.

Hatua ya 4: Pesa yenye jina la mtu

Msomaji analia akisoma barua ya mama aliye Lang'ata, gereza la wanawake, anatuma 3,000 na ujumbe: "Ya karo ya binti yake." Pesa imeingia akaunti ya kikundi. Ni ya nani?

Si ya kikundi, hilo ni wazi. Mkinunulia kalamu mmevunja amana, hata kama kalamu ni kazi nzuri. Lakini kuipokea kunawageuza kuwa kitu kingine: sasa mnahitaji kujua binti yuko wapi, anaishi na nani, na kama huyo mlezi ataifikisha shuleni. Hali ni hiyo hiyo kwa pesa ya wakili. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji inakiuka katiba, wafungwa wengi wametafuta kuhukumiwa upya, na wasomaji wenye moyo huuliza wachangie vipi.

Maoni yangu: kataeni, mrudishe, na mseme sera hiyo waziwazi kabla hamjaulizwa. Nyinyi mnabeba sauti, hamna uwezo wa kuthibitisha shida ya kila mmoja. Barua yenye uchungu zaidi itavuta pesa zaidi, na wiki mbili baadaye mtaanza kupokea barua zilizoandikwa kwa ajili ya pesa, au mfungwa asiye na ufasaha atabaki mkono mtupu. Kikundi kinachoona kinaweza kuibeba kazi hiyo kiwe na mfuko wake, safu yake na kamati yake. Pesa yenye jina isikopwe kamwe kujazia nauli, hata kwa siku tatu.

Hatua ya 5: Kijarida kikiuzwa, pesa ni ya nani?

Hapa vikundi vingi hunyamaza, na wafungwa hawanyamazi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya 2001, aliyeandika ndiye mwenye kazi yake. Kufungwa hakumwondolei hilo: kifungu cha 51 cha Katiba kinasema aliye kizuizini anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizoweza kuendana na hali ya kuzuiliwa. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iseme mambo mawili ya pesa kwa Kiswahili chepesi: je, kazi hii itauzwa, na ikiuzwa, fungu lake linaenda wapi.

Mnaweza kukubaliana kwamba mauzo yote yanarudi kulipia toleo linalofuata. Hilo ni sawa kama aliambiwa kabla ya kuandika. Mnaweza kumtumia mtu wa familia aliyemtaja kwa maandishi yake mwenyewe. Mnaweza kumhifadhia hadi atoke, kwa mstari wake daftarini. Au mnaweza kuacha gerezani, ambako pesa hazishikwi na mfungwa mkononi. Huwekwa chini ya usimamizi wa gereza, nanyi hamtoki langoni bila stakabadhi.

Njia hiyo ya mwisho ina hatari ambayo mtu wa nje haioni. Mfungwa anayejulikana ana pesa huwa na marafiki wapya, na si wote wanaokuja kwa upole. Ndiyo maana malipo ya mtu mmoja mmoja yasionekane kwenye taarifa yoyote inayosambazwa. Onyesheni jumla tu, na kila mwandishi apewe taarifa yake peke yake.

Na jiandaeni kwa swali la upande wa pili: aliyeumizwa na mfungwa huyo atajisikiaje kuona anapata pesa kwa kusimulia maisha yake? Msilikwepe. Sera iliyoandikwa mapema, yenye kiwango kidogo na sawa kwa waandishi wote, inajibu vizuri kuliko hasira ya mkutano.

Hatua ya 6: Sabuni, sodo na nepi

Vitu ni pesa pia. Gerezani Lang'ata mama huruhusiwa kukaa na mtoto wake hadi miaka 4, kwa hiyo watu watawaletea nepi na maziwa ya watoto. Andikeni orodha, thamani ya kukadiria, tarehe, na mkabidhi kwa afisa wa ustawi anayetia sahihi na muhuri. Nakala ibaki kwenu. Picha za kukabidhi mziache. Hazithibitishi chochote na zinaonyesha nyuso.

Hatua ya 7: Pesa ionekane, mtu asionekane

Wapo wanaodhani uwazi ni kubandika taarifa nzima ya M-Pesa mbele ya umma. Taarifa hiyo ina majina na namba za simu za watu waliowatumia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwaruhusu kuvitawanya hivyo. Tena mchangiaji mwingine ana ndugu ndani na hajamwambia mtu kazini.

Tumieni alama: M1, M2 kwa wachangiaji, W1, W2 kwa waandishi. Ufunguo wa alama uwe kwenye daftari tofauti linalofungiwa, na mkaguzi peke yake aruhusiwe kuyaweka mawili hayo mezani pamoja. Maelezo ya matumizi nayo yachungwe. "Nauli, kumtembelea nyanya wa W7 Mathare" imeshamtaja W7. "Nauli, ziara ya familia" inatosha.

Hatua ya 8: Ukurasa mmoja uingie ndani

Kila baada ya miezi mitatu andikeni ukurasa mmoja na mwupeleke gerezani kabla ya mwingine yeyote kuupata. Maandishi makubwa, Kiswahili cha kawaida, kwa sababu nakala moja itasomwa kwa sauti na mmoja huku wengine wakisikiliza. Kumbukeni barua za magereza hufunguliwa na kusomwa na maafisa, basi pasiwe na alama za siri wala majina. Hilo lina faida yake: gereza nalo linaona mna kiasi gani, na uvumi kwamba mnalipwa mamilioni na wazungu unapungua nguvu.

Huu hapa mfano, wenye tarakimu za kubuni:

"Kaka na dada zetu, salamu. Hizi ni pesa za Januari hadi Machi. Tulianza na sh. 6,200. Wanachama 12 walitoa 500 kila mmoja kila mwezi, jumla 18,000. Wasomaji walichanga 9,350. Kwa hiyo tulikuwa na 33,550. Tulitumia hivi: nauli 7,800, kalamu, karatasi na bahasha 3,450, stempu 2,160, skani na uchapaji 4,300, nakala 150 za kijarida 9,000, ada za benki na M-Pesa 715. Jumla 27,425. Tumebaki na 6,125. Hakuna mwanachama aliyelipwa mshahara. Kijarida hakikuuzwa. Mwenye swali aliandike nyuma ya karatasi hii, tutalijibu katika taarifa ijayo, na swali litasomwa na wote bila jina lako."

Maswali yatakuja, na yatakuwa makali. Kwa nini nauli inazidi stempu mara tatu? Kwa nini nakala 150 na sisi humu tulipata kumi? Ni maswali mazuri kuliko ya mfadhili, kwa sababu mwulizaji anajua kilichomfikia. Mkiona swali linawaudhi, lichunguzeni mara mbili.

Baada ya hapo someni ukurasa huo huo kwa wanachama, kisha muutume kwa wachangiaji. Usiwe na toleo tamu la wafadhili na jingine la ndani.

Hatua ya 9: Jicho la nje

Mara moja kwa mwaka mwombeni mtu asiye wa kikundi, mweka hazina wa chama kingine au mhasibu wa kanisani, alinganishe daftari, vocha na taarifa ya benki. Mlipeni nauli na chakula, na mwandike kwamba mmemlipa. Aandike alichokikuta, hata kama ni aya moja yenye lawama, na aya hiyo iingie katika ukurasa wa miezi mitatu inayofuata bila kuguswa.

Hatua ya 10: Kikundi kikivunjika

Andikeni leo, wakati mnapendana, pesa zitaenda wapi. Salio la jumla liende kwa kikundi kingine cha kazi hiyo hiyo mtakachokitaja. Akiba za waandishi zilipwe kwanza, kabla ya deni la mwanachama yeyote. Barua za asili zirudi kwa wenyewe au kwa watu waliowataja, na nauli na stempu za kuzirudisha zitengwe mapema katika akaunti, kiasi kisichoguswa, kikionekana katika kila taarifa kwa jina lake: pesa ya kurudisha barua.